Winga na Upana wa Kiwanja katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Historia ya mchezo wa mpira katika Dar es Salaam imeandikwa zaidi kuwa historia ya vilabu. Twajua kwamba Young Africans huhesabu umri wake tangu mwaka 1935, na kwamba mwaka uliofuata baadhi ya wachezaji walijitenga wakaunda timu yao, ambayo ilianza kwa jina la Queens, baadaye ikaitwa Sunderland, na tangu 1971 ikajulikana kwa jina la Simba. Mtaalamu wa Kijapani, Tadasu Tsuruta, ameeleza vizuri jinsi vilabu hivyo viwili vilivyokua pamoja na mji, katika kitabu cha historia za Dar es Salaam kilichotolewa mwaka 2007. Na kwa upande wa Unguja tunayo kazi ya Laura Fair ya mwaka 2001, inayouweka mpira pamoja na ngoma, mavazi na siasa za watu wa Ng'ambo. Hizo ni kazi za thamani, na sina nia ya kuzipunguzia heshima. Walakini mchezaji huonekana ndani yake kama mwanachama, kama mwenyeji au mgeni wa mji, kama mfuasi wa chama. Mguu wake hauonekani. Hatuambiwi alijifunzaje kazi yake, wala alijifunza wapi.

Makala haya yana haja ndogo zaidi. Nataka kumtazama mchezaji mmoja tu kati ya kumi na mmoja, naye ni winga, hasa kijana wa shule katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke. Na katika kazi zote za winga nataka kuitazama moja, yaani kuupokea mpira unaokuja kwake kutoka mbali naye yuko pembeni, karibu na mstari. Madai yangu ni kwamba mwalimu mkubwa wa kazi hiyo hakuwa kocha wala kitabu. Mwalimu alikuwa kiwanja chenyewe. Na kiwanja kilipobadilika, somo nalo likabadilika, na matokeo yake yanaonekana hata leo katika miguu ya wanafunzi wetu.

Kwanza yafaa tulitazame jina. Zamani wachezaji wetu waliitwa kwa hesabu ya nafasi zao, na bado wazee husema namba saba kwa winga wa kulia na namba kumi na moja kwa winga wa kushoto. Neno winga lilitoka katika Kiingereza likavaa irabu ya mwisho kama ilivyo desturi, likaingia katika ngeli ya watu, likapata wingi wake wa mawinga, na kisha watangazaji na mashabiki wakalipamba: ndipo tukapata winga teleza, mtu ambaye beki humwona akipita lakini hawezi kumshika. Siku hizi neno hilo limetoka uwanjani likaingia sokoni. Katika Kariakoo winga ni yule kijana asiye na duka, anayesimama njiani, akampokea mteja na kumpeleka kwa mwenye bidhaa, akapata fungu lake. Sioni sababu ya kutafuta asili nyingine ya matumizi hayo. Anasimama pembeni, anaishi kwa mbio, na riziki yake ni kupokea na kupeleka. Watu wa Kariakoo wameielewa kazi ya winga kuliko baadhi ya waandishi wa michezo.

Nasema hivyo kwa sababu winga husifiwa kwa mbio zake na kwa chenga zake, na ni nadra kusifiwa kwa kupokea. Wamarekani wana mchezo wao, nao huuita mpira wa miguu ingawa mikono hufanya kazi kubwa kuliko miguu. Katika mchezo huo yuko mtu anayesimama pembeni kabisa, ambaye kazi yake ni kukimbia njia aliyopatana na mwenzake na kuudaka mpira unaorushwa kwa mbali. Kurusha mpira mbele kuliruhusiwa huko mwaka 1906 tu, na mtu anayetajwa sana kwa kuifanya kazi hiyo kuwa sanaa ni Don Hutson, aliyeanza kuichezea Green Bay Packers mwaka 1935, mwaka ule ule wa Young Africans. Hutson alikimbia njia zilizopangwa tangu kabla ya mchezo kuanza, akageuka mahali palipokubaliwa, na mpira ukamkuta. Haendi mpira ulipo; huenda utakapokuwa. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa jambo ambalo winga wa kandanda naye hana budi kulijua, ila kwa winga liko jambo la ziada: akitangulia mno ameotea.

Sheria ya kuotea ndiyo iliyomfanya winga awe vile alivyokuwa. Hadi mwaka 1925 mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli wakati mpira ukipigwa kwenda kwake. Mwaka huo hesabu ikapunguzwa kuwa wawili, na katika Uingereza magoli yakaongezeka mara moja. Nafasi ikafunguka nyuma ya mabeki, na mtu wa kwanza kuifaidi ni yule aliye mbali na msongamano. Enzi ya mawinga ikaendelea tangu hapo hadi Stanley Matthews katika fainali ya mwaka 1953 na Garrincha katika Kombe la Dunia la 1958. Kisha mwaka 1966 Uingereza ikatwaa kombe hilo bila mawinga wa desturi, na walimu wengi duniani wakaiga. Huku kwetu habari hizo zilifika, lakini hazikuondoa mawinga. Kwa nini? Nadhani jibu lake limo katika ardhi.

Mpira uliingia pwani hii kwa njia za Waingereza katika karne ya 19, na shule ya wamisionari ya Kiungani, Unguja, ilikuwa mojawapo ya milango yake. Shule hiyo baadaye ikahamia bara, Minaki, karibu na Kisarawe, na kiwanja kikahama nayo. Katika mji wenyewe wa Dar es Salaam mahali pa mpira palikuwa Mnazi Mmoja. Mahali hapo pana historia ya ajabu, kwa kuwa paliachwa wazi kwa kusudi la kuwatenga watu: mtaa wa Wahindi upande mmoja, Kariakoo ya Waafrika upande wa pili, na kati yao nyasi. Serikali ilitaka pengo la kuzuia maradhi na mchanganyiko. Vijana wakapata uwanja. Ni moja ya mara chache ambapo sera ya kibaguzi ilizaa kitu cha kufaa, nacho hakikukusudiwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mji ulitoka nje ya mipaka hiyo. Serikali ilijenga kota za Waafrika katika Ilala, Magomeni na Temeke, na viwanja vya kujenga nyumba vikapimwa Kinondoni. Mwaka 1957 watu wa Dar es Salaam walihesabiwa kuwa 128,742. Tuikumbuke hesabu hiyo, kwa maana yake ni kwamba kitongoji kimoja kilikuwa mbali na kingine, na katikati palikuwa na minazi, mikorosho, mashamba ya mihogo, bonde la Msimbazi, na mchanga mtupu. Mtoto wa Temeke au wa Kinondoni aliyetaka kucheza hakuuliza kama nafasi ipo. Kiwanja chake kilikomea pale miguu ilipochoka.

Nakaa kidogo hapa, kwa sababu ndipo penye kiini cha jambo. Kiwanja cha mchanga kina tabia zake. Kwanza, mpira hauviringiki. Pasi ya chini hufa njiani. Kwa hiyo wachezaji wa mchangani walizoea kuunyanyua mpira, na aliye pembeni aliupokea kutoka hewani, kwa kifua, kwa paja, au kwa uso wa juu wa mguu. Pili, mpira ukianguka katika mchanga mzito hauruki tena; hulala pale pale ulipoangukia. Katika majani mafupi mchezaji aliyechelewa anaweza kuusubiri mpira ulioruka mara mbili. Katika mchanga asipokuwepo ulipotua, mwenye kuufikia ni beki. Mchanga basi ulimlazimisha kijana kuyasoma mapito ya mpira tangu ulipotoka katika mguu wa mwenzake, aanze kukimbia mapema, na afike pamoja nao. Tatu, walicheza pekupeku, kwa kuwa viatu vya njumu vilikuwa mali ya wachache. Mguu mtupu huujua mpira kwa namna nyingine. Gozi la siku hizo, la ngozi na kamba, lililonyonya maji na kuwa zito, lilikuwa adhabu kwa mtu asiyejua kuurudisha mguu nyuma kidogo wakati wa kugusana nalo. Anayeujua mchezo ataona kwamba kule kurudisha mguu ndiko kutuliza mpira. Maumivu yalifundisha yale ambayo leo tunayafundisha kwa maneno.

Kuna sababu nyingine, ya kijamii. Katika michezo ya mtaa wakubwa na wadogo walicheza pamoja, na wakubwa walitaka kukaa katikati, mahali penye mpira. Mdogo alisukumwa pembeni. Pembeni hupewa mpira mara chache, tena akiupoteza hapewi tena hadi jua linapokuchwa. Kwa hiyo kila mpira uliomfikia ulikuwa mtihani, na aliyefaulu mitihani hiyo miaka mitatu au minne alikuwa winga kabla hajalijua jina hilo.

Shule iliongeza jambo ambalo mchanga haukuweza kulitoa. Minaki, na St. Francis ya Pugu ambako Julius Nyerere alifundisha hadi 1955, zilikuwa shule za bweni zenye ardhi ya kutosha, viwanja vya kipimo kamili, mistari ya chokaa, vibendera na mwamuzi. Sheria za mpira huruhusu upana wa kiwanja kuwa kati ya mita 45 na 90, na urefu kati ya mita 90 na 120. Viwanja vya siku hizi vya kimataifa huwa aghalabu mita 105 kwa 68. Ndani ya mistari hiyo kijana wa mchangani alijifunza kwamba kuna kuotea, kwamba mbio zake hazina budi kupimwa na jicho la yule anayepiga pasi na mguu wa beki wa mwisho. Mchanga ulimpa masafa, na shule ikampa sheria. Tanganyika ilikuwa imeingia katika mashindano ya Kombe la Gossage tangu 1945, ikicheza na Kenya na Uganda, na Unguja ikafuata 1949. Na kwa kila hali vijana waliotoka katika malezi hayo mawili ndio waliofaa kuitwa.

Uhuru ulipopatikana usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ilipandishwa katika Uwanja wa Taifa, upande wa Temeke, uwanja ambao leo huitwa Uhuru. Miaka sita baadaye, 1967, mji ulikuwa na watu 272,821. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541, na 2022 wakawa 5,383,728. Tangu 1957 basi idadi imeongezeka zaidi ya mara arobaini. Sehemu kubwa ya watu hao wanakaa katika mitaa iliyojengwa bila kupimwa: Tandale, Manzese na Mwananyamala upande mmoja, Tandika, Mtoni na Mbagala upande wa pili. Minazi ilikwenda, mikorosho ikafuata, na mchanga ukajengwa nyumba. Si vizuri kulaumu nyumba. Watu walihitaji mahali pa kulala, na mtu mwenye watoto watano hapimi ardhi yake kwa haja za winga. Lakini mwanahistoria hana budi kusema kilichotokea: kiwanja kipana kilitoweka katika maisha ya kila siku ya mtoto, na mahali pake pakaja kichochoro.

Ndipo chandimu ikatawala. Neno hili, kama majirani zake kandanda, kabumbu na ndondo, lastahili makala yake lenyewe. Hapa inatosha kusema kwamba chandimu ni mpira wa njiani, wa wachache, wenye magoli ya mawe au ya kandambili, na mpira wenyewe ni wa matambara, karatasi na mifuko iliyofungwa kwa kamba, au soksi iliyojazwa. Hakuna kuotea. Hakuna mpira wa kurusha, kwa sababu hakuna mstari. Ukuta wa nyumba ya watu ndio mstari, na ukuta nao hucheza, kwa maana mpira ukiugonga hurudi na mchezo huendelea. Upana wote ni hatua chache. Katika nafasi hiyo mtoto wa Tandale au wa Tandika hujifunza mambo ya ajabu: kuukanyaga mpira kwa wayo na kuuvuta, kumpokea mpinzani mgongoni na kugeuka naye, kupiga tobo, kupiga kanzu, kuutumia ukuta kuwa mwenzake wa kumi na mbili. Sioni haya kusema kwamba katika kuutuliza mpira mahali padogo vijana hawa wamewapita wazee wao wa mchangani. Wazee wanaokana hilo hawajasimama muda mrefu katika vichochoro vya Mwananyamala.

Hata hivyo mpira wa matambara haupai. Hakuna majalo katika chandimu, wala pasi ya mita arobaini inayovuka kiwanja. Kila mpira humjia mtoto miguuni, kutoka karibu, naye amesimama. Mkusanye mtoto huyo, mpe jezi namba saba, mweke katika kiwanja chenye upana wa mita 68. Utaona mambo mawili, na walimu wa michezo wa shule za sekondari huyajua vizuri. La kwanza, hutoka pembeni na kuingia katikati, si kwa ukaidi, ila kwa sababu katikati ndipo penye watu, na yeye amelelewa na msongamano. Upweke wa pembeni humwogofya. Mwalimu hupiga kelele atanue kiwanja, naye hutanua kwa dakika mbili. La pili, huungoja mpira. Mwenzake akiinua kichwa kutaka kupiga pasi ya mpenyezo nyuma ya beki, winga anarudi nyuma mikono imenyoshwa, anaomba mpira mguuni. Akijaribu kwenda, huenda mapema akaotea, kwa kuwa kuotea hakumo katika elimu yake ya mwanzo.

Mambo haya hurekebishika, na kwa haraka kuliko watu wanavyodhani, kwa sharti kwamba kijana ana mwenzake na ana nafasi. Siri kubwa iko katika kutazama kabla. Winga mwenye kufaa hugeuza shingo na kumwona beki wake wakati mpira bado uko kwa mwingine. Ukimfikia tayari amekwisha kujua kama ageuke au aurudishe. Kisha kuna kuufungua mwili, yaani kuupa mstari mgongo na kukikabili kiwanja kizima, ili mguu ulio mbali na mpira ndio uupokee na mguso wa kwanza uwe tayari ni hatua ya kwenda mbele. Kijana wa chandimu hupokea kwa mguu ulio karibu, kwa sababu kichochoroni mguu wa mbali umebanwa na ukuta. Na mwisho kuna mapatano, ambalo ndilo somo la Hutson: wanafunzi wawili, mmoja mpigaji na mmoja mpokeaji, wakarudia pasi ile ile ndefu mara thelathini kila jioni, hadi mpokeaji ajue kutokana na bega la mpigaji mpira utatua wapi. Hapo haongozwi tena na macho tu. Kazi hiyo haina gharama ila mpira mmoja wa kweli na mita hamsini za ardhi. Mpira hupatikana. Ardhi ndiyo mashaka.

Kwa hiyo shule, ambayo zamani ilikuwa mwalimu wa pili, imelazimika kuwa mwalimu wa kwanza wa upana. Imefanyaje? Kwa miaka mingi mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari yalikuwa njia ya vijana kuonekana, na katika Kinondoni shule ya Makongo, iliyo chini ya jeshi, ilijipatia sifa kubwa kwa michezo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano hayo ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, hoja iliyosikika ikiwa ni kulinda muda wa masomo, kisha yakarudishwa. Mwanafunzi wa sekondari hukaa shuleni miaka minne au sita. Miaka kadhaa ya kusimama ni kizazi kizima cha mawinga. Karibu na wakati huo huo shule za sekondari za kata zikaanza kujengwa kwa wingi, na kuanzia Januari 2016 ada ikaondolewa. Watoto waliokuwa wakiishia darasa la saba walipata sekondari, na mimi ninayefundisha waliotoka katika shule hizo najua thamani yake. Lakini katika jiji shule nyingi ziliwekwa pale palipopatikana kipande cha ardhi, na kila wanafunzi walipoongezeka, mahali pa karibu pa kujenga madarasa mapya palikuwa ni kiwanja cha mpira.

Hapa msomaji aweza kuuliza: mbona mawinga wamepatikana? Naam, wamepatikana, na yafaa tutazame walitoka wapi. Edibily Lunyamila, winga wa Young Africans katika miaka ya 1990, ambaye jina lake bado linatajwa kila penye mazungumzo ya mawinga, alitokea Shinyanga. Mrisho Ngassa, aliyekwenda kujaribiwa West Ham mwaka 2009 na Seattle Sounders mwaka 2011, ni mtoto wa Mwanza, na alipitia Kagera Sugar kabla ya kuja Dar es Salaam. Watu wawili si ushahidi wa kutosha, na sitaki kuyabebesha majina yao mzigo kuliko yanavyoweza kubeba. Lakini ni kweli kwamba mikoa hiyo haikukosa ardhi. Kwa upande mwingine yuko Simon Msuva, aliyezaliwa Dar es Salaam, winga wa Young Africans aliyehamia Difaâ El Jadidi ya Morocco mwaka 2017, na ambaye mwezi Juni 2019 aliifungia Tanzania dhidi ya Kenya katika Kombe la Mataifa ya Afrika, mashindano ambayo Tanzania haikuwa imeyafikia tangu 1980. Msuva apunguza nguvu ya hoja yangu, nami namwacha aipunguze. Uzuri wake mkubwa, kwa jicho langu, si chenga; ni kutokea nyuma ya beki kwa wakati wake. Kama alijifunza hilo, basi hujifunzika katika jiji hili.

Mfano wa Mbwana Samatta wa Mbagala ni wa namna nyingine, maana yeye si winga, ni mpokeaji wa kazi ya mawinga. Alianzia katika timu ya Mbagala Market, iliyokuja kuitwa African Lyon, akaingia Simba mwaka 2010 na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011. Mwaka 2015 alitwaa na Mazembe ubingwa wa vilabu vya Afrika, na Januari 2016 akatangazwa kuwa mchezaji bora wa mwaka kati ya wale waliocheza ndani ya Afrika. Kutoka hapo akaenda Genk, na Januari 2020 Aston Villa. Tarehe 1 Machi 2020, katika uwanja wa Wembley, winga Anwar El Ghazi alipiga majalo kutoka kulia, naye Samatta akajirusha na kuupiga mpira kwa kichwa ukaingia katika goli la Manchester City. Villa ilishindwa 2-1. Wengi huku nyumbani walishangilia kichwa kile. Mimi nilishangaa jinsi alivyoanza kukimbia mapema, kabla mguu wa El Ghazi haujaugusa mpira.

Viwanja vipana havijakwisha vyote. Temeke ina uwanja wa Bandari na Mwembe Yanga. Kinondoni ina Biafra, ambao kwa jina lake hukumbusha vita vya Nigeria na mwaka 1968, Tanzania ilipokuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra. Lakini Mwembe Yanga na Biafra hupokea mikutano ya siasa na ya dini pamoja na mpira, na kijana hupangiwa zamu baada ya wakubwa. Mashindano ya Ndondo, yaliyoanza mwaka 2014, yameurudishia mpira wa mtaani heshima na watazamaji, na pale Kinesi au Bandari huonekana bado lile somo la zamani la mchanga na pasi ya juu. Chamazi, mbele ya Mbagala, Azam walijenga uwanja wao na mahali pa kulelea vijana. Kidongo Chekundu, si mbali na Mnazi Mmoja ya zamani, kituo cha vijana kilifunguliwa mwaka 2015 kwa msaada wa kampuni ya Symbion na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Hivyo klabu iliyowapa vijana wa Kariakoo jina katika miaka ya 1930 ikaja kuwapa majani ya bandia baada ya karibu miaka themanini.

Na juu ya vyote uko uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 2007, wenye nafasi ya watu 60,000, ambao leo unaitwa kwa jina la Benjamin Mkapa. Aprili 2019 ulipokea mashindano ya Afrika ya vijana wasiozidi miaka 17, na siku ya ufunguzi Serengeti Boys walifunga magoli manne dhidi ya Nigeria na wakafungwa matano. Walishindwa michezo yao yote mitatu. Katika mchezo ule wa kwanza, kila walipopata mpira katika nafasi ndogo walikuwa sawa na wageni, na pengine wamewazidi. Wanigeria walipotanua kiwanja, ndipo shida ilipoanza.

Kutoka uwanja huo hadi Mtoni au Tandika si safari ndefu. Katika mitaa hiyo ziko shule ambazo kiwanja chake kimekatwa mara mbili, upande mmoja kwa madarasa na upande wa pili kwa matundu ya choo na tangi la maji, na mambo hayo matatu yalihitajiwa kweli. Goli moja limesogezwa, na mstari wa kushoto umefutwa kwa sababu unapita chini ya madirisha. Wanafunzi wamekubaliana sheria yao: mpira ukigonga ukuta wa darasa, mchezo unaendelea, na winga wa kushoto anaruhusiwa kuutumia ukuta kupigiana pasi.